Simu ya Kumsikia Mama

Nerima amekuwa kiziwi kwa miaka minane, na katika Naivasha nzima waliolijua jambo hilo hawakuzidi watatu: yeye mwenyewe, nesi wa kliniki ya kifua, na Chepkemoi, mwenzake wa kazini ambaye pia alikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango katika mtaa wa Kihoto. Wengine wote walidhani ni mtu wa maringo. Ukimsalimia kwa nyuma, hakuitikii. Ukimsalimia kwa mbele, anakuchekea mpaka unasahau kwamba ulikuwa umenuna. Kazini kwake, kwenye banda la kuchambua maua, wanawake mia mbili husimama mezani wakipima urefu wa mashina ya waridi na kuyafunga mafungu, na mitambo ya baridi inanguruma kutwa nzima, kwa hiyo kila mtu mle huzungumza kwa midomo na mikono. Nerima alitoshea kabisa. Supavaiza alikuwa akimsifu mbele ya wenzake kwamba hana umbea.

Utasema, si angesema tu kwamba hasikii? Aibu ya nini? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na masikio mawili yanayofanya kazi. Uziwi wa Nerima ulitokana na sindano. Kifua kikuu kilimkamata, kile sugu kinachozidharau dawa za kawaida, akachomwa sindano kila siku ya Mungu kwa miezi minane mpaka akawa hawezi kukaa kitako. Mwezi wa tano masikio yakaanza kuvuma. Nesi alikuwa akimuuliza kila Jumatatu, "Masikio iko sawa, Nerima?" naye akijibu, "Iko sawa, sista." Aliogopa kwamba wakijua wataikatiza ile dawa, na alikuwa ameona walivyoishia waliokatiziwa dawa. Basi akapona kifua, akapoteza masikio, jambo ambalo nesi alikuja kuligundua dawa zimeshakwisha, na akabaki na tabia ya kujibu kwamba kila kitu kiko sawa. Hiyo tabia ndiyo iliyommaliza, wala si uziwi.

Uso kwa uso hakuwa na shida kubwa. Alisoma midomo, ya Kiswahili na ya Kibukusu, Kiluhya cha kwao, na sauti nzito zilimfikia: lori, ngoma ya kanisani, mlango ukibamizwa. Shida ilikuwa simu. Simu haina midomo. Akiiweka sikioni alipata mvumo tu unaopanda na kushuka, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa nyumba ya tatu kutoka kwako. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua, maana hakuwa na mtu wa kumpigia. Hana mtoto. Na nyumbani kwao Kimilili walikuwa wameshamfuta.

Kufutwa kwenyewe kulikuwa hivi. Baba yake alifariki wiki ya kwanza ya Februari. Aliyewahi kufanya kazi ya maua anaijua Februari. Wazungu wana siku yao ya kupeana waridi tarehe kumi na nne, na kabla ya hapo hakuna ruhusa, hakuna ugonjwa, hakuna msiba. Nerima aliomba siku tatu akaambiwa achague, kwenda au kazi. Akapiga magoti ofisini, akapewa ruhusa siku nne baadaye, na akafika Kimilili jioni ya siku iliyofuata mazishi, udongo ungali mbichi. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Umekuja kuona udongo," alimwambia. "Basi umeuona. Usikanyage boma hili tena mpaka mimi mwenyewe nikuite kwa mdomo wangu."

Kwao, neno la mzazi lililotamkwa kaburi likiwa bado bichi si la mchezo. Haliondolewi na mjomba, wala na mchungaji, wala kwa barua. Huondolewa na mdomo ule ule uliolitamka, na sikio lile lile lililolipokea lilisikie likiondolewa. Nerima aliondoka bila hata kunywa maji. Sitati, kaka yake wa pekee, alimsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea mfuko. Mwaka uliofuata Nerima akaugua kifua, na hakuna mtu wa kwao aliyeambiwa.

Miaka saba ikapita hivyo. Kisha Jumapili moja ya Januari mwaka jana, yeye na Chepkemoi wakiwa ndio wanatoka kanisani, simu ikatetemeka mkobani ikionyesha namba ngeni. Nerima alimpa Chepkemoi amsikilizie, kama walivyozoea zile mara chache simu ilipoita. Chepkemoi alisikiliza akakunja uso, akasema maneno mawili matatu, kisha akaitazama simu.

"Amekata," alimwambia Nerima, akitamka pole pole ili midomo isomeke. "Ni mama mzee. Anaongea tu Kiluhya. Mimi nimesikia 'Nerima, Nerima,' basi. Nimemwambia angoje nikupatie, akakata."

Nerima aliketi pale pale kwenye ngazi za kanisa, watu wakimruka. "Ni mama," alisema. "Ananiita. Ama bado ananigombeza. Chepkemoi, ilikuwa sauti ya kugombana?"

"Kiluhya mimi nitajuaje ni ya kugombana ama si ya kugombana? Mnaongeanga nyinyi wote kwa nguvu."

Jumapili iliyofuata, saa ile ile, namba ile ile, ambayo sasa alikuwa ameihifadhi kwa jina la Mama. Mara hii Nerima alijifungia chumbani akaipokea mwenyewe. Akaupata ule mvumo, na ndani yake aliyatambua mapito ya sauti ya mama yake kama unavyoutambua mwendo wa mtu wenu kwa mbali kabla hujamwona uso. Sasa, kwao mkubwa anapokueleza jambo, humwachi akazungumza peke yake. Kila anapotua unaitika "ee," ajue uko naye. Nerima alilelewa vizuri, Mungu amsaidie. Mvumo ulipotua, aliitika. Ulipopanda tena, alinyamaza. Ulipotua tena, "Ee, mayi," yaani mama. Ulipokatika kwa muda mrefu akajua ni mwisho, akasema, "Asante, mayi. Wasalimie wote." Dakika kumi na moja. Alitoka nje akitabasamu, kisha akalia mbele ya Chepkemoi hadi kitambaa kikalowa, kwa sababu hakuwa amesikia hata neno moja.

"Si umwambie tu hausikii?" Chepkemoi alimuuliza. "Watafute mtu akuandikie meseji."

"Ataandika nani? Mama hajui kuandika. Ni Sitati. Na Sitati atauliza masikio ilienda wapi. Nimwambie TB? Mke wake alikufa na kifua, wakasema ni ile ugonjwa ingine, wakachoma hadi godoro. Mama atasema ndiyo maana sikukuja kuzika baba, kumbe nilikuwa na mambo yangu huku." Alipangusa uso. "Na hata wakiandika, sitaki kuandikiwa. Alisema ni kwa mdomo yake. Nataka kusikia mdomo yake."

Chepkemoi ndiye aliyeleta habari za ile simu. Alizisikia redioni: shirika moja mjini Nakuru linawapa wasiosikia simu maalumu ya kukuza sauti, inayokwenda pamoja na kifaa kidogo cha kuvaa sikioni na mkanda wa shingoni unaoipeleka sauti moja kwa moja hadi kwenye kile kifaa. Masharti ni kupimwa masikio hospitalini, kupata karatasi ya daktari, kujaza fomu, na kungoja. Nerima aliposikia hayo alifanya hesabu yake ya haraka. Mwezi mmoja, miwili ikizidi. Kwa nini ajiaibishe kwa mama yake leo, na mwezi ujao atamsikia kama watu wengine bila mtu yeyote kujua kwamba kuna kitu kiliwahi kuharibika?

Ukitaka kujua mahali maisha ya Nerima yalipopindia kombo, ni hapo kwenye "mwezi ujao".

Alipimwa Nakuru mwezi wa tatu. Walimketisha ndani ya kibanda chenye kuta nene za sponji na dirisha moja la kioo, wakamvika vidude masikioni, wakampa kitufe. Mpimaji, kijana mpole wa miwani, alimwambia taratibu, "Mathe, ukisikia mlio, hata kidogo aje, finya hapa." Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa kioo, kwenye mashine yake.

Na Nerima akafanya nini? Akafanya anachokifanya kila siku. Aliona kwamba kila mpimaji alipobonyeza mashine, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Bega likishuka, Nerima anafinya. Bega likishuka, anafinya. Hakukusudia kudanganya, lazima hilo lieleweke. Ilikuwa ni mazoea, mwili wenyewe ulishajifunza kuonekana unasikia, na ulipowekwa mbele ya mtihani ukajibu kama mwanafunzi bora wa darasa. Alitoka mle amejawa jasho na furaha kidogo, kama mtu aliyefaulu. Daktari aliitazama karatasi, akamtazama yeye, na Nerima akasoma midomo yake vizuri kabisa: "Hongera. Masikio yako si mabaya hivyo. Simu ya kawaida inakutosha."

Aliporudi Kihoto na kueleza, Chepkemoi alishika kiuno akashindwa acheke au alie.

"Nerima, wewe ulienda kupimwa ama kushindana?"

Tarehe nyingine ya kupimwa ilipatikana baada ya miezi minne. Safari hii Chepkemoi aliomba ruhusa wakaenda wote, na kabla mpimaji hajaketi, alichukua gazeti akaliziba lile dirisha. Matokeo yalikuja ya kweli, na yalikuwa ya kutisha: sikio la kushoto karibu hakuna kitu, la kulia limebaki na sauti nzito peke yake. Nerima alitia sahihi kwenye karatasi hiyo kwa haraka, kama mtu anayekiri kosa.

Kutoka hospitalini walikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya lile shirika, ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Aliyewapokea aliitwa Kiarie, mwanamume wa makamo, mtaratibu, aliyezoea kuwatazama watu usoni anapozungumza nao. Alijaza fomu yeye mwenyewe, akifuatisha mstari kwa mstari, hadi pale panapouliza kwa nini mwombaji anahitaji simu.

"Nataka kumsikia mama yangu," Nerima alisema.

Kiarie akaandika: mawasiliano ya familia.

"Itachukua muda," alimwambia. "Zinatoka nje, zinakuja kwa kontena. Na lazima mtu wetu afike kwako kwanza, aone unapoishi. Ni sheria ya wafadhili. Ukiwa na swali, nitakutumia meseji, sitapiga."

"Ni mwezi ngapi?"

"Miwili, mitatu. Nisikudanganye, inaweza pita hapo."

Wakati wote huo Jumapili hazikungoja kontena. Kila Jumapili mama alipiga, na kila Jumapili Nerima alijifungia chumbani akaitika. Mara mbili tatu alijaribu kusingizia mtandao, akapaza sauti kwamba maneno yanakatika, lakini mama akapiga tena na tena alasiri nzima, mara sita, mara saba, mpaka Nerima akaona haya kumhangaisha mzee. Akarudi kwenye "ee" yake. Siku nyingine, kabla mvumo haujakatika, moyo ulimzidi akasema zaidi: "Ngoja kidogo, mayi. Niko karibu." Alimaanisha simu. Mama upande ule alisikia alichosikia.

Kabla mwaka haujaisha, maji ya ziwa yakapanda. Yaliingia Kihoto kimya kimya, kwanza vyooni, kisha vibarazani, kisha vitandani. Nerima na Chepkemoi walibeba magodoro vichwani wakahamia upande wa juu wa mji, chumba kimoja wakigawana kwa pazia. Ni wakati huo huo mtu wa shirika alipokuja kumwona mwombaji mahali anapoishi. Alikuta nyumba imesimama ndani ya maji hadi madirishani na bata wa porini wanaelea uani. Akaandika anavyotakiwa kuandika: mwombaji hapatikani. Jina la Nerima likaondolewa kwenye kontena la kwanza.

Nerima hakulijua hilo mpaka alipopanda kwenda Nakuru kuuliza, mwezi wa pili mwaka huu, siku chache baada ya shughuli za waridi. Kiarie alifungua faili, akalisoma, akalifunga tena. Alikuwa mtu wa haya.

"Walikukosa kwa maji," alisema. "Kama ungenitumia tu meseji kwamba umehama."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Ni kweli. Hakuna mtu alikuambia." Alichukua kalamu. "Nakuweka kwa kontena ya pili, ya kwanza kabisa kwa orodha. Hapo siwezi kukuangusha, mama."

Nerima alishuka zile ngazi akihesabu miezi. Ilikuwa sasa mwaka mzima na mwezi mmoja. Kitu kingine kilikuwa kimeanza kumtia hofu, nacho hakuwa amemwambia hata Chepkemoi: ule mvumo wa Jumapili ulikuwa unapungua. Dakika kumi na moja zilikuwa saba, saba zikawa nne. Kulikuwa na Jumapili moja ambapo mvumo ulipanda tu bila kushuka, ukakatika juu kwa juu kabla hajapata nafasi ya kuitika. Wiki iliyofuata mama alipiga tena, muda mfupi, pole pole, kama mtu aliyechoka. Nerima alilala kitandani baadaye akiyatazama mabati ya paa. Angeweza kusema siku hiyo. Angeweza kumwandikia Sitati mistari miwili, na yote yakaisha. Lakini alikuwa amesema "ee" zaidi ya mara hamsini. Mtu anaanzaje kusema, mama, zile zote zilikuwa uongo? Kadiri alivyochelewa kusema, ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu, na ndivyo simu ile ya Nakuru ilivyozidi kuwa njia ya pekee ya kutokea.

Siku moja ya Jumanne katika mwezi wa nane, asubuhi, akiwa kazini, simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni. Mama. Nerima alishangaa, Jumanne? Alitoka nje ya banda, akasimama karibu na mapipa ya majani yaliyokatwa, akaipokea. Mvumo wa siku hiyo ulikuwa mzito kuliko kawaida na ulikuwa na vituo vingi, na akaona pengine mama ana mafua. Aliitika kila kituo. Supavaiza alikuwa ametoa kichwa mlangoni akimtazama, kwa hiyo akafupisha. "Asante. Wasalimie wote." Akarudi mezani kwake, kwenye waridi nyeupe.

Jumapili hiyo mama hakupiga. Na iliyofuata hakupiga. Na iliyofuata.

Meseji ya Kiarie iliingia siku ya Jumatano: "Simu yako imefika. Njoo kesho saa nne." Nerima alimwonyesha Chepkemoi, Chepkemoi akapiga vigelegele ambavyo Nerima aliviona tu ulimini. Kesho yake alimkuta Kiarie amevaa tai. Walimweka kile kifaa sikio la kulia, wakamvika mkanda shingoni, wakampa simu yenyewe, nene, yenye vitufe vikubwa kama vya kuchezea watoto. Kisha Kiarie akatoka, akafunga mlango, akashuka hadi barabarani. Simu ikawaka taa nyekundu na kutetemeka mkononi. Nerima akabonyeza kitufe cha kijani.

"Nerima," ikasema sauti. "Niko chini, kwa duka ya mbegu. Unanisikia? Mimi ni Kiarie."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu kidogo, yenye lafudhi ya Kikuyu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akiiona midomoni tu, na hakuwahi kuiwazia hivyo. Alisikia na pikipiki ikipita. Alisikia mtu akiuliza bei ya mbegu za sukuma.

"Nakusikia," alisema. "Nakusikia. Ongea tena."

Kiarie alipopanda alimkuta ameinamia meza ya watu, analia kwa sauti kubwa, na sauti yake mwenyewe inamwingia sikioni ikimfanya alie zaidi. Akamwambia ampigie mama yake sasa hivi, pale pale, wote washuhudie. Nerima alikataa. Alisema ni maneno ya watu wawili. Akashuka, akatembea haraka hadi kwenye bustani ya mji, akatafuta benchi lisilo na mtu, na akaketi chini ya mti wenye maua ya zambarau. Alibonyeza namba ya mama, akaikosea mara mbili. Iliita mara nne, na hata kule kuita kulikuwa kutamu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kwa Kibukusu.

"Ni wewe, Sitati? Ni mimi, Nerima. Nipe mama."

Alisikia kuku kwa mbali, nyumbani kwao.

"Unasema nini?"

"Nipe mama nizungumze naye. Nimepata simu nzuri. Sasa nasikia."

"Nerima, umelewa?"

"Sijalewa. Nipe mama."

"Mama tulimzika," Sitati alisema. "Inakwenda wiki ya tatu. Nilikupigia mimi mwenyewe, kwa simu yake hii, siku ya Jumanne asubuhi. Jambo kama lile siwezi kukuandikia kama mtu anayetuma orodha ya dukani. Nikakuambia mama ametutoka. Ukasema ee. Nikakuambia tunazika Jumamosi. Ukasema ee. Nikakuuliza utafika Ijumaa, ukasema ee. Halafu ukaniambia asante, wasalimie wote." Alivuta pumzi. "Wasalimie wote, Nerima. Nilikaa na simu mkononi nisijue nitawaambia watu nini. Jumamosi tulilikalisha jeneza uani mpaka saa kumi tukikungoja, mpaka mchungaji akasema inatosha."

Nerima alisikia kila neno. Hakuna lililopotea njiani. Kile kifaa kilikuwa kizuri mno.

"Sikusikia," alisema. Kisha yote yakamtoka pale kwenye benchi, bila mpango, kifua, sindano, mvumo, kibanda cha sponji, maji ya ziwa, kontena. Watu waliokuwa wakipita walianza kwenda kwa upande wa pili. "Miaka minane sisikii, Sitati. Mama sikuwahi kumsikia. Nilikuwa naitika tu."

Sitati alipozungumza tena, hasira ilikuwa imemwisha, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana hasira angeweza kuivumilia.

"Mbona hukusema?"

Nerima akamuuliza la kwake.

"Sitati, naweza kuja kaburini?"

"Hilo si langu kulisema. Unajua alivyotamka, nilikuwepo. Mimi siwezi kuliondoa, na kanisa haliwezi." Alikohoa kidogo. "Lakini alikuwa akikupigia. Kila Jumapili alichukua simu akaenda nyuma ya ghala, akatufukuza sote tusisikie. Mwanzoni alirudi akiwa na furaha. 'Nimezungumza naye. Amekubali.' Umekubali nini, hakutuambia. Anasema tu umekubali na uko karibu. Mwisho mwisho akawa anarudi kimya, na tukimuuliza anasema tumwache." Kuku walisikika tena kule. "Sasa niambie wewe. Alikuita? Kama alikuita, njoo hata kesho, nitakungoja barabarani mimi mwenyewe, na hakuna atakayekuzuia langoni. Alikuita au hakukuita? Wewe ndiye uliyekuwa kwenye simu."

Nerima alifumba macho akautafuta ule mvumo kichwani. Ulikuwepo wote. Jumapili ya kwanza, ya pili, zile za dakika kumi na moja, ile iliyokatika juu kwa juu. Aliweza kukumbuka kila mahali ulipopanda na kila mahali ulipotua, na hakukuwa na neno hata moja ndani yake.

"Nerima?" Sitati alisema. "Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Sijui kama aliniita."